Depo ya Kingi Imehamia Kibua

Siku Kétsia alipopanda kilima chenye mtandao kumpigia simu Papa Muhindo, alidhani anaomba chumba. Hakujua kwamba anaanzisha uvumi utakaotembea Masisi na Walikale nzima kwa miguu yake wenyewe.

"Allô, Papa Muhindo? Njo mimi Kétsia wa Kingi. Huku haiko muzuri tena, masasi inasikika karibu. Tunatafuta fasi ya kuhamisha depo."

Papa Muhindo alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka Kibua na lori aina ya Fuso.

"Depo?" aliuliza. "Depo muzima?"

"Muzima, Papa. Yote yenye iko ndani, tangu mwanzo. Hatutaacha kitu."

"Na inaomba nini?"

"Courant yenye haikatike, umeme ya saa yote, na fasi ya baridi. Joto inaiharibu."

"Baridi! Hiyo naelewa kabisa. Na serveur?"

"Serveur inakuja pamoja na mimi."

"Kétsia mama, usiongeze hata neno moja. Natuma Fuso."

Kétsia alikata simu akamshukuru Mungu kwa kuumba watu wema. Kosa lilikuwa katika neno tu. Waandika programu za kompyuta, kwa Kifaransa chao, huita depo ghala wanamohifadhi kazi yao: kila mstari, nani aliuandika, lini, na nani aliufuta. Kikundi cha vijana wa Kingi kilikuwa na depo yake chenyewe, ndani ya mashine yake chenyewe, katika chumba nyuma ya kanisa, kwa sababu hawakutaka jasho lao lilale kwa watu wasiowajua. Mashine inayobeba depo waliiita serveur. Kétsia aliyazoea maneno haya hata akasahau kwamba kwa watu wengine wote, kuanzia Sake mpaka Walikale, depo ni pale bia na soda zinapouzwa kwa jumla, na serveur, au serveuse akiwa mwanamke, ni yule anayekufungulia chupa.

Ndani ya depo yao mlikuwa na programu ya mzani. Ushirika wa wakulima uliitumia kupimia maharagwe na viazi, ili mnunuzi asije akaweka dole gumba lake kwenye mzani na kuliuza kama viazi. Kazi nzuri, ndiyo, lakini tusidanganyane: Kétsia asingehatarisha shingo yake kwa ajili ya viazi. Alichokuwa anahamisha ni mlango wa kaka yake.

Kaka huyo, Archange, alikuwa ameshuka Shasha, kule ziwani, kufunga mzani wa wauza samaki, na vita vikafunga barabara nyuma ya mgongo wake. Kwenye kizuizi walimnyang'anya simu. Namba ya dada yake hakuijua kwa kichwa, na nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa? Barua pepe yake ilidai impelekee nambari ya siri kwenye simu ileile iliyoibwa. Kitu kimoja tu kilibaki kichwani mwake, kwa kuwa alikuwa akikiandika kila siku ya Mungu: anwani ya depo. Basi kila alipofanikiwa kuazima simu ya mtu kwa dakika chache, aliingia kwenye depo, kwenye tawi lake mwenyewe, yaani sehemu aliyotengewa yeye, akaandika mstari mmoja.

Na aliandika nini, mtu aliyepotea vitani? Aliandika: "Ligne ya kilo iko na kosa. Inaongeza nusu kilo kama mufuko iko na maji. Rekebisheni." Basi. Ligne ya kilo ni mstari wa programu unaohesabu uzito. Safari nyingine: "Bado hamujarekebisha ligne ya kilo." Kétsia aliposoma hayo alilia kwa furaha, akatamani kumzaba kibao. Alimwandikia namba yake ya simu chini ya mstari ule, apige. Baada ya wiki Archange akajibu: "Namba za simu hatuziweke mu fichier ya code. Nani alikufundisha hivyo? Nimeifuta. Tutaongea mu depo, depo haipotei."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Kétsia alimfanya hivi: hakuirekebisha ligne ya kilo. Angeweza kuimaliza kabla uji haujachemka, alilijua kosa lilipo. Lakini aliogopa. Kosa likishasahihishwa, Archange ataandika nini tena? Wakulima wakaendelea kuongezewa nusu kilo siku za mvua, na hakuna aliyelalamika.

Halafu vita vikapanda kuelekea Kingi. Shirika lililowapa sahani ya satelaiti lilikuwa la kwanza kukimbia, likaing'oa sahani yake juu ya paa likaondoka nayo, na depo ikabaki bila njia ya kutokea wala kuingilia. Anwani yake haikuwa na jina, ilikuwa namba tupu iliyokwenda na sahani. Kétsia hakupata hata nafasi ya kuandika "tunahama". Akawaza kaka yake kule Shasha akibisha kwenye mlango usiofunguka. Ndipo akakumbuka kwamba kule Kibua Papa Muhindo ana sahani yake mwenyewe, anayouzia wachimba madini megabaiti.

Kuhamisha depo kuna adabu yake. Alichukua nakala ya kila kitu kwenye diski mbili, akaijaribu moja kuona kama inafunguka, kisha akaizima mashine taratibu, si kuichomolea waya kama redio. Ilikuwa mashine ndogo nyeusi, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Akatafuta kitu kigumu cha kuisafirishia. Katika kijiji kizima kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kreti ya plastiki ya bia. Akakata vigawanyo vya ndani, akaitandika kitenge, akailaza mashine humo na diski ubavuni. Hilo lilikuwa kosa la pili, na kusema kweli kwa hili hawezi kumlaumu mtu.

Fuso ikafika asubuhi, tupu, na kamba, na maturubai, na wapagazi wanne waliofunga viuno. Dereva aliitwa Hakorimana, mtu mpole aliyeamini kwamba maswali huharibu injini.

"Depo iko wapi?" aliuliza.

"Njo hii," Kétsia akasema, akiwa ameikumbatia kreti.

Hakorimana akaitazama kreti. Akaitazama Fuso yake. Akawatazama wapagazi.

"Na ingine?"

"Hakuna ingine. Njo yote."

"Mumenituma depo, nabeba depo," Hakorimana alisema, akafungua mlango wa nyuma.

Sasa, kwa wiki nzima watu wa Kingi walikuwa wameomba gari la kuwatoa. Waliomba serikalini, waliomba kwenye mashirika, waliomba kwa Mungu. Kwa ajili ya watu hakuna aliyetuma hata baiskeli. Kwa ajili ya bia, lori zima lilikuja mpaka mlangoni. Na kwa kuwa lori lilikuwa tupu na mlango uko wazi, watu hawakungoja kualikwa. Walipanda na magodoro, na masufuria, na mbuzi, na mama mmoja aitwaye Mukashema akapanda na kitanda chake kizima akakilalia juu kwa juu, akisema hawezi kukimbia vita amesimama. Wapagazi, waliokuja kubeba bia, wakabeba vikongwe.

Barabara ya kwenda Nyabiondo mnaijua, na msiyeijua msiombe kuijua. Kila Fuso iliponasa, Hakorimana alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Pousser! Pousser!" na watu wakashuka kwenye tope wakasukuma. Kétsia hakushuka, alikuwa na kreti mapajani. Pousser ndilo neno alilolitumia Archange kila alipotuma mstari wake kwenye depo. Kila walipolipaza alizidi kuikumbatia kreti.

Kwenye kizuizi cha kwanza walisimamishwa na vijana wenye bunduki na mkubwa wao, Komanda Jean-Bosco, aliyevaa kofia ya sufi na viatu visivyofanana.

"Munabeba nini?"

"Depo ya Kingi, chef," alisema Hakorimana, ambaye alisema alichoambiwa. "Inahamia Kibua."

Komanda akavua kofia. Vijana wake wakasogea. Inaonekana hakuna chupa iliyopita njia ile tangu mvua zianze.

"Bière iko wapi? Mimi naona watu na mbuzi."

Macho yakaikuta kreti. Komanda akaamuru ifunguliwe. Kétsia akafunua kitenge, na wote wakainama kuitazama mashine nyeusi yenye vitundu vidogo.

"Hii njo nini?"

"Njo depo, Komanda. Haiko ya bière. Ni depo ya code."

Lo, heri angenyamaza: kwa waandika programu code ni maandishi yao, lakini vitani ni ujumbe wa siri. Mkono wa komanda ukaenda kwenye bunduki.

"Code? Code ya nani? Unapelekea nani code?"

Kétsia alimwona kijana mmoja akiunyoosha mkono kuichukua mashine, mkono wenye tope mpaka kwenye kiwiko, na akaona mlango wa Archange ukifungwa milele kwa ajili ya neno moja. Hapo mtoto wa watu aliyelelewa asiseme uongo akaukumbatia uongo kwa mikono miwili.

"Ni frigo," alisema.

"Frigo?"

"Frigo ya depo, Komanda. Ya kisasa. Code ni jina ya marque, ya kampuni yenye iliitengeneza."

"Kadogo vile?"

"Chupa inaingia moja moja. Lakini inapoa mbio."

Komanda akagonga mashine kwa kucha, na Kétsia akaumia yeye.

"Na bière yenyewe?"

"Inafuata."

"Weye njo serveuse?"

Kétsia alikuwa na diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, tena ya heshima. "Njo mimi," akasema.

Basi mambo yakawa laini. Komanda aliwajua watu wa depo: huwezi kuchukua bia kama hukurudisha chupa tupu, zile wanazoziita vidange, hata uwe na cheo gani. Akawaamuru vijana wake walete zote walizokuwa nazo kambini, zikapangwa ndani ya Fuso kati ya vikongwe na magodoro. "Mutuwekee ya kwetu," alisema, "tutakuja kuichukua wenyewe." Na kizuizi kikainuliwa.

Habari ikawatangulia. Kwenye kizuizi kilichofuata, cha watu ambao walikuwa wanapigana na wale wa kwanza, hawakuuliza hata swali, walikuwa wamekwisha kuzipanga chupa zao kando ya barabara. Vivyo hivyo kilichofuata, mpaka ng'ambo ya Kashebere. Katika vita vile hakuna aliyekubaliana na mwenzake juu ya jambo lolote, ila walikubaliana juu ya vidange. Fuso ilizidi kujaa na kulia ngili ngili ngili, na Mama Mukashema kitandani akanung'unika kwamba alikimbia kelele za Kingi akazikuta kelele za chupa.

Kibua ilikuwa imevaa. Papa Muhindo alikuwa amesimama mbele ya duka lake kwa suti ya Krismasi, chini ya ubao wenye rangi mbichi ulioandikwa DEPO YA KINGI, na chini yake KARIBUNI, BARIDI SAA ZOTE. Wanakwaya walikuwepo. Katekista alikuwepo na ndoo ya maji ya baraka. Fuso ikasimama, turubai likafunguliwa, na wakashuka wazee, watoto, mbuzi, godoro baada ya godoro, chupa tupu zisizo na idadi, na mwisho kabisa Kétsia na kreti moja.

Katekista, ambaye hakutaka kuharibu ratiba, akachovya majani kwenye ndoo na kurusha maji ya baraka kwenye kreti. Kétsia akapiga ukelele akajitupa juu yake, maji yote yakamwishia mgongoni. Kwaya ikaimba.

Ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa, Papa Muhindo alikaa kitako juu ya gunia la mchele.

"Mutoto wangu. Depo iko wapi?"

"Njo hii, Papa."

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kama anavyomweleza mwanafunzi, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Papa Muhindo ulivyozidi kuwa wa majivu.

"Kwa hiyo mimi," alisema baadaye, "nimetuma Fuso yangu mu vita, mafuta yangu, dereva wangu, kukamata maandishi?"

"Ndiyo, Papa."

"Ya kupima viazi?"

"Ndiyo, Papa."

"Toka nayo. Ondoa maandishi yako mu nyumba yangu."

Kétsia hakutoka. Akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji akamwambia habari za Archange, za Shasha, za simu iliyoibwa, za mstari mmoja wa kila mara. Akamwambia kwamba kama depo haiwaki, kaka yake atabisha hodi kwenye kaburi. Alilia bila kuficha uso. Papa Muhindo aligeukia dirisha, na si kwa sababu ya ukatili. Alikuwa na watoto wake Butembo, naye hakupenda kuonekana macho yake yanapolowa.

Dirishani ndipo alipowaona watu. Kibua nzima ilikuwa nje, na nyuma yao vijana wenye bunduki, na wote walikuwa wanauangalia ubao wake. Kama angetoka sasa na kusema hakuna bia, wasingechoma mashine ya Kétsia. Wangechoma duka.

"Hiyo kitu," alinong'ona, "inawakaka taa?"

"Iko na taa ndogo, Papa. Ya kijani. Inapepesa."

"Chomeka mbio."

Ndivyo depo ya Kingi ilivyohamia rasmi. Kétsia alikaa sakafuni akairudishia mashine uhai: umeme wa betri za jua, waya wa sahani, kisha ile kazi ya kubadilisha anwani ya zamani kila ilipoandikwa na kuweka mpya. Mara ya kwanza ikakataa kwa kuwa saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka. Mara ya pili ikakubali. Matawi yote yakajitokeza moja baada ya jingine, na tawi la Archange likiwamo, salama, na ule mstari wake wa mwisho wa kulalamika. Kétsia akaugusa kwa kidole kwenye kioo. Nje, Papa Muhindo alikuwa amefungua mlango kidogo, watu waone taa ya kijani ikipepesa gizani, na kuwatangazia kwamba bia ya kisasa haitaki haraka.

"Iko inapoa," aliwaambia.

Tangu siku hiyo watu walipita asubuhi na jioni kuuliza. "Iko inapoa?" Na Kétsia, bila kuinua macho kwenye kompyuta, akajibu, "Iko inapoa." Papa Muhindo, kwa upande wake, hakuwa mtu wa kulala na hasara. Aliuangalia mlima ule wa vidange na akili ikamjia: mwenye chupa tupu nyingi namna hiyo hanyimwi zilizojaa. Akampakilia Hakorimana zote, akamtuma upande wa Kisangani. Hakorimana hakuuliza kitu.

Anwani mpya ilikuwa inafanya kazi, na hakuna aliyeijua. Hilo ndilo lililomtafuna Kétsia. Kila siku alilifungua tawi la Archange na kila siku lilikuwa vilevile. Alijua kwamba kule Shasha, akipewa simu, anaandika ile namba ya zamani, ukurasa haufunguki, anaandika tena, mwenye simu anaitaka simu yake. Yeye aliyeandika kwamba depo haipotei, sasa atafikiri nini? Atafikiri Kingi imeungua. Atafikiri dada yake ameungua humo. Wazo hilo lilimjia wakati anakula na wakati anasali, na likamfanya awe mkali kwa watu wasio na hatia.

Hakorimana alirudi siku ya soko, Fuso imejaa mpaka juu, bia ya kweli, yenye povu. Papa Muhindo alibusu magurudumu. Komanda Jean-Bosco alifika na vijana wake, na wale maadui zake wakafika kwa barabara nyingine, wakasimama wote kwenye foleni moja, mkono mmoja bunduki, mkono mwingine vidange zingine walizookota, kwa kuwa zile za kwanza Papa Muhindo alizihesabu kuwa nauli ya Fuso, wakitazamana vibaya. Papa Muhindo akamfunga Kétsia aproni.

"Papa, mimi niko informaticienne."

"Leo weye njo serveuse. Ulimwambiaka komanda. Courant ya mashine yako unafikiri inatoka wapi?"

Akasimama kaunta, na mashine ikipepesa nyuma yake kati ya kreti zilizojaa. Kazi ilikuwa rahisi na ya kuchosha: unapokea tupu, unatoa iliyojaa, unamwita anayefuata. Watu walikuja na chupa, na wasio na chupa walifukuzwa na foleni yenyewe. Jua lilikuwa kali. Kétsia hakuangalia nyuso tena, aliangalia mikono.

"Vidange?" alisema.

"Sina."

"Bila vidange hatuuzishe. Anayefuata."

Mikono ile haikuondoka. Ilikuwa mikavu, imechanika kwenye vidole.

"Sikukuya kununua," alisema mtu yule. "Ku Shasha wamama ya samaki wanasema depo ya Kingi ilihamia Kibua, muzima, na serveuse anaikumbatia njia yote. Mimi nikacheka mbele ya watu. Kingi haikukuwaka na depo ya bière hata siku moja. Kingi ilikuwaka na depo moja tu. Njo nikakuya kwa miguu, mu pori."

Kétsia akainua macho. Alikuwa mwembamba, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kabisa, upara mtupu, kama wanavyonyoa watu waliofiwa.

"Archange," alisema. "Nani alikufa? Ulinyolea nani?"

"Weye."

Nyuma, foleni ilianza kunguruma. Mtu akapiga kelele, "Lete vidange ao toka!" na Komanda Jean-Bosco akaunga mkono. Kétsia hakusikia. Alikuwa ameshika kile kichwa kwa viganja vyote viwili juu ya kaunta, anakipapasa, analia na kucheka, chupa zikianguka, na Papa Muhindo, aliyekuja mbio kuuliza nani anavunja mali yake, akaona, akaokota chupa mwenyewe kimya kimya.

Archange alizunguka kaunta akachuchumaa mbele ya mashine. Akakaa juu ya kreti. Alikuwa hajala tangu jana yake, hajaomba hata maji.

"Ligne ya kilo," aliuliza, "mulirekebisha?"

"Bado."

"Bado! Wakati wote huu? Kwa nini?"

"Nilikuwa nakungojea," Kétsia alisema.

Archange akavuta kompyuta mapajani, akaandika nywila yake ileile, akaifungua ligne ya kilo. Kétsia akageukia kaunta, akajifuta uso kwa aproni, akamwambia komanda:

"Vidange?"